Waifai Ipo, Wifi Yupo, Intaneti Hakuna

Natumaini kama wewe na mwenzio mlinuniana wiki iliyopita, basi hadi unaposhika gazeti hili mmeshapatana. Mimi mwezi huu nina la kuungama. Mhariri wenu, ambaye kila mwezi nakaa hapa kuwapa watu ushauri wa kuishi vizuri ndani ya nyumba, nilimvunjia mume wangu heshima nyumbani kwao, mbele ya mdogo wake. Na chanzo kilikuwa laptopu.

Usicheke. Ngoja nikusimulie.

Tulikwenda Inyonga kumsalimia mama mkwe. Kwa asiyepafahamu, Inyonga ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi, mkoa uliozaliwa rasmi mwaka 2012. Ukitokea Dar unaingia Tabora, unapita Sikonge, unafika Ipole, halafu unaanza kukata msitu wa miombo mpaka unavuka Koga. Zamani safari hiyo ilikuwa vumbi na maombi. Siku hizi ni lami. Ukifika, cha kwanza utakachowekewa mezani ni asali, maana huko nyuki ni mifugo kama kuku. Mwenyeji akikuchotea kikombe kizima usishangae, ndivyo wanavyopenda wageni.

Sasa, wifi yangu wa mwisho alikuwa na jambo lake. Amemaliza diploma, amekaa nyumbani miaka miwili, na zilikuwa zimetangazwa nafasi za kazi anazozifaa kabisa. Maombi yanatumwa kwa njia ya mtandao, mwisho Ijumaa saa sita usiku. Vyeti vyake tulishavipiga picha Dar na kuviweka kwenye laptopu yetu. Barua tuliiandika hukohuko Inyonga, mezani kwa mama. Ilibaki kuingia kwenye mfumo, kupakia na kutuma. Kazi ya nusu saa.

Ijumaa hiyo saa mbili usiku nikawasha hotspoti kwenye simu yangu, nikaunganisha laptopu. Alama ya waifai ikatokea, imejaa tele. Nikafungua ukurasa. Ukagoma. Nikafungua mwingine. Ukagoma. Saa tatu ikapiga. Wifi amekaa pembeni yangu, mikono katikati ya magoti, hasemi neno.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Si nilikuambia hii mashine ipelekwe kwa fundi kabla ya safari?" nikamwambia mume wangu. "Ukasema imepona. Kila kitu kwako kimepona. Kama mwaka 2019 ulivyosema hela ya kiwanja ipo."

Kimya. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua karanga mlangoni, akanyanyuka na ungo wake akaenda jikoni.

Mwaka 2019, msomaji wangu, mume wangu alichukua akiba yetu ya kiwanja akaiingiza kwenye biashara ya rafiki yake bila kuniambia. Biashara ikafa. Aliniomba radhi, akamshirikisha na mshenga wetu, na akairudisha ile hela kidogokidogo kwa miaka mitatu mpaka senti ya mwisho. Kiwanja tukanunua. Kesi ikaisha. Au nilidhani imeisha.

Mume wangu hakunijibu. Aliweka simu yake mezani, akasema taratibu, "Mpigie yule kijana wa kompyuta wa ofisini kwenu."

Anza karibu, malizia mbali

Nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe, ndipo sauti inaposikika vizuri. Kijana akapokea. "Dada, shikamoo. Usibonyezebonyeze kitu. Tutaanza karibu, tutamalizia mbali. Kila hatua inatupa jibu moja, hatuendi ya pili bila jibu la kwanza."

Nimeziandika zile hatua, maana najua siku moja zitakukuta na wewe. Labda siku ya usaili, labda siku ya kuwasilisha ripoti kwa bosi, labda usiku mwenzio yuko safarini na mmepanga kuonana kwenye kioo.

Kwanza: kosa ni la mashine au la mtandao? Chukua simu nyingine, iunganishe kwenye waifai ileile. Ikipata intaneti, basi mtandao ni mzima na mgonjwa ni laptopu. Ikikosa nayo, usiisumbue laptopu. Angalia salio la bando, angalia kama data imewashwa kwenye simu inayogawa, izime ruta sekunde thelathini uiwashe tena. Usidanganyike na alama ya waifai iliyojaa. Alama ile inakuambia tu kwamba laptopu yako na simu au ruta vinasikilizana. Haisemi kama hiyo simu yenyewe inasikilizana na dunia.

Simu ya mume wangu iliunganishwa, ikafungua kila kitu. Basi mgonjwa tukamjua.

Pili: laptopu imezimwa masikio? Ipo hali ya ndege, ambayo hubonyezwa kwa bahati mbaya hasa ukiwa unafuta vumbi kwenye vitufe. Na mashine nyingine za zamani zina swichi ndogo ya waifai ubavuni. Watu wamelipa mafundi kwa ajili ya swichi hiyo.

Na kama laptopu inaona waifai za majirani ila haioni hotspoti yako? Simu nyingi za kisasa hugawa mtandao kwa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Laptopu nyingi za zamani zinaisikia 2.4 peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4, itaonekana. Isitoshe 2.4 ndiyo inayopenya kuta vizuri zaidi, hata kama mwendo wake ni mdogo.

Tatu: isahaulishe, uitambulishe upya. Kama nenosiri lilibadilishwa, laptopu inaweza kuwa bado imeshikilia la zamani. Nenda kwenye orodha ya waifai, iambie isahau ile ya kwako, kisha iunganishe upya kwa nenosiri jipya.

Nne: imepewa anwani? Kila kifaa kinachoingia kwenye waifai hupewa namba na ruta, kama mgeni anavyoonyeshwa chumba. Kwenye Windows fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika ipconfig, bonyeza kitufe cha kuingiza. Tafuta mstari wa IPv4. Ukiona namba inaanza na 192.168, au 10, au 172, kwa kawaida ni ishara nzuri, umepewa chumba. Ukiona inaanza na 169.254, maana yake laptopu iliomba, haikujibiwa, ikajipa namba yenyewe. Huyo ni mgeni aliyelala barazani. Zima waifai uiwashe tena, au zima ruta. Ikiendelea vilevile, angalia kama kuna mtu aliandika anwani kwa mkono kwenye mipangilio. Laptopu za ofisini hufanyiwa hivyo, na zikirudi nyumbani zinakuwa kama mtu anayetafuta kiti chake cha ofisini sebuleni kwako. Rudisha ijichagulie.

Yetu ilisoma 192.168. Twende mbele.

Tano: bisha hodi. Kwenye kidirisha kilekile andika ping, acha nafasi, kisha namba iliyo kwenye mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta au simu yako. Ikijibu, njia ya nyumbani ni nzima. Kisha andika ping 8.8.8.8, mashine za Google zilizo wazi kwa kila mtu. Zikijibu, umeshatoka nje ya nyumba na umefika duniani. Mwisho andika ping na jina la tovuti yoyote unayoifahamu. Kama namba zinajibu lakini jina linasema halijulikani, tatizo ni DNS, yaani kile kitabu cha simu kinachogeuza majina kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns kufuta kumbukumbu za zamani, ujaribu tena.

Kwetu ruta ilijibu. Namba zikajibu. Jina likajibu. Saa nne kasoro robo. Kijana mwenyewe akaanza kuguna kwenye simu. "Dada, intaneti unayo. Hebu angalia proksi."

Sita: proksi. Baadhi ya ofisi hupitisha mtandao wao wote kwenye mlango mmoja unaoitwa proksi. Ukiondoka na laptopu ya ofisi bila kuzima mpangilio huo, brauza itaendelea kuutafuta mlango wa ofisini wakati wewe upo Inyonga. Ping itafanya kazi, kurasa hazitafunguka. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya proksi, zima ile ya kuandikwa kwa mkono.

Ya kwetu ilikuwa imezimwa tayari. Nikaketi kwenye kigoda. Macho yananichoma.

Januari mosi

"Dada," akauliza kijana, "huo ukurasa ukigoma unaandika nini hasa? Nisomee."

Hata siku moja sikuwa nimeusoma. Nilikuwa naona rangi nyekundu tu naufunga. Nikaingia ndani, nikausoma: unasema muunganisho wangu si wa faragha.

Kabla kijana hajajibu, wifi, ambaye tangu saa mbili hajasema neno, akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya kioo.

"Samahani wifi. Mbona hii kompyuta inasema leo ni Januari mosi, mwaka 2019?"

Tukainama wote watatu. Kweli. Januari mosi 2019.

Mume wangu akavuta pumzi. "Kumbe na yenyewe," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningepata pa kushikia. Alisema kama mtu aliyechoka.

Kwenye simu kijana anashangilia. "Hiyohiyo dada! Weka tarehe ya leo na saa za Afrika Mashariki, funga brauza, fungua upya."

Nikaweka. Nikafungua. Ukurasa ukaja mzima mzima, kama vile haujawahi kugoma.

Kwa nini tarehe? Kijana alinieleza, nami nakueleza. Tovuti za siku hizi, zile zenye https mwanzoni, hubeba cheti cha utambulisho. Cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na vingi vina umri wa miezi michache tu. Brauza ikikutana na tovuti huuliza: nionyeshe cheti, nilinganishe na kalenda yangu. Sasa kama kalenda yako iko 2019, kila cheti unachoonyeshwa kinaonekana cha kesho kutwa, hakijaanza kazi. Brauza inaona huyu ni tapeli, inafunga mlango. Tovuti haina kosa. Mtandao hauna kosa. Ni wewe uliyesimama mwaka mwingine.

Na kalenda hurudi nyuma kwa sababu ya kibetri kidogo. Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri ya mviringo kama shilingi, mara nyingi aina ya CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuilinda saa pale mashine inapokosa umeme kabisa. Ikifa, na betri kubwa nayo ikaisha chaji kama yetu ilivyoisha njiani, saa inapotea, na mashine inarudi kwenye tarehe iliyowekewa kiwandani. Windows hujaribu kujirekebisha kupitia mtandao, lakini tofauti ikiwa ya miaka huwa haikubali, inakuachia mwenyewe. Betri hiyo hubadilishwa na fundi yeyote wa kompyuta. Nunua, usingoje siku ya mwisho ya maombi.

Saa tano na dakika kumi usiku maombi ya wifi yalikuwa yametumwa, na namba ya kupokelewa tumeipiga picha. Kijana alinipa na ushauri wa bure kabla ya kukata simu: "Dada, kumbe simu ya shemeji ilikuwa inafungua vizuri. Mngehamisha vile vyeti kwa waya wa kuchajia mkatuma kwa simu, mkaja kuhangaika na laptopu kesho." Masaa matatu sikuliwaza hilo. Hasira haina mpango wa pili.

Hatua za mwisho kabisa

Nisikuache njiani. Kama umefanya yote hayo na bado, kuna mambo mawili.

La kwanza, kwenye Windows ipo njia ya kuurudisha mtandao wote kama mashine ilivyokuwa mpya. Inatibu mengi, ila inafuta kumbukumbu ya waifai zako zote na manenosiri yake. Ndiyo maana inakaa mwisho. Andika pembeni unachokihitaji kwanza. Watu wengi huanza na hii, au wanakimbilia kufomati mashine nzima, wanapoteza picha za harusi kwa tatizo la tarehe.

La pili, kubali kwamba wakati mwingine kosa liko mbali na kwako. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani, kwa sababu nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Seacom ndiyo ile iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na kutupunguzia utegemezi wa satelaiti. Siku ile ya Mei mamilioni ya watu walizima na kuwasha simu zao bure. Palikuwa hapana la kufanya ila kungoja mafundi wa baharini. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuuliza: ni mimi peke yangu, au na wenzangu pia?

Sasa turudi kwangu

Usiku ule mama mkwe alitutengea migebuka na ugali, saa sita kasoro. Alikuwa ametungoja. Nikamfuata jikoni nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyasema nyumbani kwake. Akaniambia, "Mwanangu, deni lililolipwa halidaiwi." Akanipa sahani nipeleke.

Mume wangu nilimkuta nje. Nilijiandaa kuanza na "lakini na wewe". Nikaona hapana. Nikamwambia tu: "Ulilipa. Nilipokea. Nisamehe." Akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia kitu ambacho miaka yote sikukijua. Kwamba kila kitu kikiharibika nyumbani, hata glasi ikivunjika, yeye huanza kungoja neno 2019. Kwamba safari nyingine huwa ananificha mambo madogo, pancha ya gari, faini, simu iliyopasuka kioo, si kwa sababu ana ubaya, bali anaogopa kurudishwa mwaka ule.

Msomaji, nilisikia baridi. Nilikuwa nadhani nakumbusha ili asirudie kuficha. Kumbe kukumbusha kwangu ndiko kulikokuwa kunamfundisha kuficha.

Simwambii mtu asamehe kosa ambalo bado linaendelea. Kama mwenzio jana kakudanganya na leo kakudanganya, hiyo si tarehe mbaya, huo ni ugonjwa wenyewe, na unatafutiwa tiba yake. Nazungumzia kesi iliyokwisha. Mtu amekiri, amelipa, amebadilika, na wewe mwenyewe ulisema yamekwisha. Huyo kila siku anakuletea cheti halali cha leo, na wewe unakikataa kwa kuwa kalenda yako imesimama.

Kwa hiyo mwezi huu nakupa kazi. Wewe na mwenzio kaeni mahali tulivu, simu mbali, kila mmoja ajibu swali moja: ni mwaka gani ambao bado namrudisha mwenzangu? Mjibu kwa ukweli. Halafu mseme kama deni la mwaka huo limelipwa au la. Kama halijalipwa, pangeni litalipwaje. Kama limelipwa, lisitajwe tena, hasa mbele ya wifi.

Na tuwe wakweli, kuna siku litaponyoka mdomoni. Mimi wiki iliyopita tu, bili ya maji imechelewa kulipwa, nilianza, "Unaona sasa, kama ule mwaka..." Mume wangu akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya meza, pale ambapo ingekuwa kona ya kioo cha laptopu. Nikanyamaza. Tukacheka. Bili tukailipa.

Wifi bado anasubiri majibu. Akiitwa kwenye usaili nitawaambia. Na ile betri tumebadilisha.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni, na mkague tarehe.